Kisahani cha Baba Mkwe

Gari langu ni Corolla DX, lile la umbo la kisanduku ambalo Toyota walianza kulitoa mwaka 1979. Limepita kwa watu wengi kabla ya kunifikia, na kila mmoja wao aliondoka na kumbukumbu yake. Mmoja alichukua redio. Mwingine alichukua kishikio cha kushushia kioo cha nyuma. Na mmoja, ambaye Mungu anamjua, aliondoka na kisahani cha majivu ya sigara. Chini ya mahali pa redio pakabaki tundu la mstatili, na ndani ya tundu waya mmoja mwekundu ambao kila fundi aliuchungulia, akaguna, akaniambia, "Huo usiuguse."

Sikuugusa kwa miaka 6. Sivuti sigara, na tundu lile lilinifaa sana kwa risiti za maegesho, peremende za tangawizi na sarafu za kuwapa vijana wanaofuta vioo. Mimi na tundu langu tuliishi kwa amani mpaka jioni ile mke wangu aliposema, huku akichambua mchicha, kwamba baba yake anakuja kututembelea.

Baba mkwe anatoka Urambo, Tabora. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walikwenda huko kulima karanga kwa matrekta na majigambo. Karanga zikawakatalia, tumbaku ikaja kukubali. Mzee amelima tumbaku ya mvuke tangu ujana wake. Amekesha misimu mingi pembeni ya bani, banda la kukaushia, akichochea kuni, maana jani hutaka joto la kupimwa, likizidi linaungua na likipungua linaoza. Mtu kama huyo humwambii kwamba moshi unakusumbua. Ni sawa na kwenda soko la samaki la Feri kumweleza mvuvi kwamba samaki ananuka.

Zaidi ya hapo, mimi ni mkwe. Mkwe hana mdomo. Mkwe ana "Shikamoo Baba", ana "Karibu Baba", na ana "Bado kidogo tutafika Baba". Maneno kama "naomba usivute ndani ya gari langu" hayamo katika hazina yake. Basi nikapiga hesabu nikiwa nimelala chali gizani: kwa kuwa atavuta, heri majivu yapate pa kukaa kuliko kukaa kwenye kiti. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Kosa lilikuwa kwenye ile "kwa kuwa atavuta", lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Kesho yake nikaenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa magari.

"Gari gani, kaka?" fundi akauliza.

"DX."

Akacheka, akamwita mwenzake ili acheke naye. Alinieleza, kwa huruma, kwamba magari yanayoshuka bandarini siku hizi mengi hayana visahani. Pale palipokaa kiberiti cha gari pamebaki tundu la kuchajia simu, umeme ule ule wa volti 12, na palipokaa majivu panawekwa kikombe cha kahawa. Kisha akaingiza mkono katika gunia, mpaka begani, akatoa kisahani cha bati chenye mfuniko na springi.

"Hiki kilikuwa mgongoni mwa kiti cha basi," akasema. "Enzi zile abiria wanavuta kutoka Dar mpaka Mbeya, na madirisha yamefungwa kwa baridi ya Makambako."

Nakumbuka mabasi hayo. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 2003 ya bidhaa za tumbaku, uvutaji ukaondolewa mahali pa watu wengi, na visahani vikastaafu vikaenda kuishi kwenye magunia ya Gerezani. Hiki alianzia shilingi 15,000 tukaelewana 9,000. Kukifunga akataka 10,000. Nilipomwambia kazi haiwezi kuzidi bei ya kitu, akaniuliza kama nilipomwoa mke wangu gauni lilizidi sherehe.

Alikifunga kwa skrubu mbili na kipande cha tyubu ya baiskeli ili kisicheze. Mwishoni bisibisi yake ikaugusa ule waya mwekundu, na DX, ambalo honi yake ilikuwa haijalia tangu nilinunue, likalia. Likalia mtaa mzima ukageuka. Likalia mpaka fundi akachomoa betri. Ndipo tukajua waya ule ni wa honi: ukigusa bati lolote la gari, honi inalia. Fundi akaukunja, akauzungushia tepu kijuujuu, akausukuma nyuma kabisa ya tundu.

"Sasa unacho kisahani na unayo honi," akasema. Nilimwongeza 2,000 kwa furaha.

Nilikisugua kisahani kwa Brasso mpaka kikang'aa kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari, jambo ambalo halikuwa gumu.

Siku ya siku nikampokea Mzee stesheni, yuko na begi moja, kuku mmoja na gunia la karanga, kama kuwakejeli Waingereza. Alikuwa amesimama mbali na watu akimalizia sigara. Aliponiona alizima kipande kwa kisigino, akakifukia kwa ncha ya kiatu, ndipo akaupokea mkono wangu. Tulipoingia garini alikaa kimya, mikono magotini. Tulitembea robo saa nzima na hakugusa mfuko wake.

Kisha jua likapiga kwenye kisahani.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni kisahani?"

"Ndiyo, Baba. Nimekiweka kwa ajili yako."

Akakitazama muda mrefu. Akashusha pumzi. Akaingiza mkono mfukoni polepole, kama mtu anayekaribishwa chakula akiwa ameshiba, akatoa pakiti. Alipovuta mfuniko ili kudondosha majivu, honi ikalia PAAA! Bodaboda aliyekuwa mbele yetu akatugeukia akatutajia wazazi wetu. Mzee akashtuka, akaachia mfuniko, springi ikaufunga kwa nguvu, na majivu yote yakaruka yakatua kwenye suruali yake ya safari.

"Kina hasira," akasema.

Baada ya siku tatu alikizoea. Alijifunza kukifungua taratibu kwa vidole viwili, nusu tu, waya usiguse bati. Akisahau, gari linapiga honi. Trafiki wa njia yetu ya kila siku alikuwa tayari ametujua. Akituona tu anaturuhusu tupite, nadhani ili apumzike.

Kuhusu moshi, nilikuwa na maarifa yangu. Gari likiwa kwenye mwendo, kioo kikishushwa vidole vitatu tu, upepo unaopita nje unauvuta moshi utoke. Ukikishusha chote, upepo unaingia, unaokota majivu na kuyapeleka kiti cha nyuma, ambako alikuwa amekaa mke wangu na kanga yake mpya. Alisema "Baba!" na akanitazama mimi. Lakini maarifa ya vidole vitatu yanafanya kazi gari likitembea, na sisi tunakaa Kigamboni. Kwenye foleni ya pantoni moshi nao unapanga foleni.

Jumamosi moja Mzee akataka kuvuka kwa pantoni, si kwa daraja, ili aione bahari vizuri. Nataka nimtendee haki: tulipokaribia geti alizima sigara yake bila kuambiwa na mtu, akaweka kipande kisahanini, akafunga. Kumbe kile kisahani, kwa kuwa kiti cha basi hakifanani na tundu la DX, kilikuwa kimeacha mwanya upande wa nyuma. Na nyuma yake zilikuwepo risiti zangu za maegesho za miaka 6, kavu, zimebanana vizuri, zinasubiri.

Tulipofika katikati ya maji, deshibodi ikaanza kutoa moshi.

"Gari linawaka!" mtu akapiga kelele, na papo hapo tepu ya fundi ikayeyuka, waya ukagusa bati, DX likaanza kulia honi lenyewe, mfululizo, kama linaomba msaada. Watu wakahamia upande mmoja. Mimi nilikuwa nahangaika na skrubu kwa kutumia sarafu. Aliyetuokoa ni muuza madafu. Alikata dafu moja kwa panga, akalimimina lote ndani ya tundu. Akakata la pili, akamimina. Moto ukazimika, honi ikakatika. Kisha akasimama dirishani kwangu na kusema, "Madafu mawili, mzee." Nikalipa.

Baba mkwe alishuka upande wa pili akayatazama maji kwa muda. "Bahari nzuri," akasema.

Hapo ndipo ilipoanza habari ya harufu. Kabla ya hapo gari lilinuka sigara. Sasa lilinuka sigara, plastiki iliyoungua, na baada ya siku mbili za jua, dafu lililochacha. Watu wengi hudhani moshi wa sigara ni hewa, ukifungua mlango unakwenda zake. Hauendi. Una utomvu wake, ule ule unaofanya vidole vya mvutaji kuwa vya njano, nao unatua juu ya vioo, unaingia kwenye sponji ya viti na kujibanza darini. Jua likipiga bati, utomvu unapata joto na harufu inafufuka. Kwa hiyo marashi yale ya kuning'iniza kwenye kioo hayaondoi kitu. Yanakaa juu ya harufu kama mgeni aliyekalia kiti chenye mtu. Nilinunua ya waridi. Gari likawa linanuka kama mtu aliyevutia sigara kwenye bustani.

Jirani yangu mmoja, mama wa Kimvita anayeheshimika mtaani kwetu, alileta chetezo na udi, akaniamuru nifunge vioo vyote. Ulikuwa udi wa hali ya juu. Ila ilikuwa kuondoa moshi kwa moshi, na matokeo yake gari likanuka kama harusi ambayo bwana harusi ametoroka nyuma ya nyumba kwenda kuvuta.

Mwingine akasema mkaa. Huyu alisema kweli, maana mkaa una vitundu vidogo visivyohesabika na hunasa harufu, lakini unataka siku nyingi na utulivu. Nilijaza vikapu viwili, nikaweka kiti cha nyuma. Siku ya pili nikasimamishwa.

"Kibali cha kusafirisha mkaa kiko wapi?"

"Afande, sisafirishi. Naondoa harufu."

Akaingiza kichwa, akanusa, akakitoa haraka. "Nenda," akasema.

Mke wangu alikuja na dawa ya maana zaidi: ile soda nyeupe ya unga wanayoumulia keki, inanyunyizwa kwenye viti usiku mmoja na kukung'utwa asubuhi. Nikamtuma kijana dukani kwa Mangi. Sijui alisema nini huko, akarudi na magadi, yale ya mawe ya kulainishia maharage. Niliyaweka kwenye kiti cha mbele nikaingia ndani kuuliza. Nilipotoka nilimkuta Baba mkwe ameyashika, macho yanamng'aa.

"Kumbe na wewe ni mtu wa ugoro!" akasema. "Mbona ulikuwa unanificha?"

Ningesema nini? Mkwe hana mdomo. Jioni ile alinipa kitita cha tumbaku ya Urambo aliyokuja nayo mwenyewe, akanifundisha kuitwanga na magadi, na nikapiga chafya mpaka watoto wakaja kuangalia.

Kilichosaidia hatimaye kilikuwa kazi ya mikono. Nilifungua viti vyote, nikavisugua kwa sabuni, nikavianika uani siku tatu kama magodoro. Nikafuta vioo kwa siki na maji, na kitambaa kilitoka cha rangi ya chai. Kisha nikafanya kosa la kuosha dari. Mwenye gari mmojawapo aliyetangulia alikuwa amebandika darini kitambaa cha mahameli kwa gundi, na gundi ilipolowa ikaachia. Kwa majuma mawili niliendesha nikiwa ndani ya chandarua.

Mzee aliondoka mwezi ulipoisha. Stesheni, kabla ya kupanda treni, alinivuta pembeni.

"Mwanangu, ukijaaliwa kununua gari jingine, usijisumbue na kisahani. Daktari alinikataza sigara. Nilikuwa nimebaki na mbili tu kwa siku, na ndani ya gari za watu sivuti kabisa. Ila nilipoona umehangaika kiasi kile, nikaona nitakuvunja moyo."

Nikasema, "Asante, Baba."

Mvua za masika zimeanza, na unyevu ukiingia kwenye sponji bado harufu inarudi kidogo: sigara kwanza, udi, halafu dafu kwa mbali. Tundu nimeliziba kwa kibao. Kisahani ninacho sebuleni, kizima, springi yake haijachoka, na ninakiuza shilingi 9,000, pungufu yake tunazungumza. Mwenye kukitaka anitafute Kigamboni. Fundi wa kukifunga atamtafuta mwenyewe.