Jua Halina Kosa

Jumatatu

Nimeitwa Ilongero kwa mzee mkulima wa alizeti. Shikamoo, marahaba, karibu fundi, jionee mwenyewe. Paneli yake ya wati 100 ilikuwa imelazwa juu ya bati tupu na kukazwa kwa waya wa kufungia. Alisema aliiweka hivyo makusudi, ipate moto wa jua kwa juu na moto wa bati kwa chini. Saa sita mchana niligusisha kipimajoto mgongoni mwa paneli, kikasoma nyuzi 68.

Paneli hutumia mwanga. Joto huipunguzia nguvu. Wati zilizoandikwa nyuma yake hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na kila nyuzi inayozidi hapo huondoa karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Nyuzi 43 za ziada ni asilimia 17. Mzee alilipia wati 100 akawa anapata 83, tena saa ambazo jua la Singida ndiyo limekolea.

Tuliiinua kwa vipande vya mbao ili upepo upite chini, na upepo hapa kwetu haujawahi kuadimika. Nikaiinamisha nyuzi kama kumi kuelekea kaskazini, ili mvua ioshe vumbi. Yeye alitaka ielekee mashariki, jua linakochomoza. Nilimweleza kuwa tupo karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, jua letu hupita jirani na utosi mwaka mzima, na paneli iliyoegemezwa sana mashariki itashiba asubuhi na kushinda njaa alasiri. Akaomba basi niipindishe mashariki kidogo tu, kwa heshima yake. Sikuipindisha. Nililetewa ugali na mlenda, tukala tukizungumza bei ya alizeti.

Jumanne

Mama Mchungaji alinunua inveta ya wati 300 na betri ya ampea-saa 100. Dukani aliambiwa vitaendesha kila kitu cha ndani. Juzi alichomeka pasi ya wati 1,000 akinyoosha kanzu ya ibada. Inveta ikapiga kelele, ikazima, na kanzu ikabaki imenyooka mkono mmoja. Alipoiwasha tena ikazima tena. Akadhani jua la jana yake lilikuwa hafifu.

Nilikaa naye mezani na karatasi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Betri ya risasi na tindikali haitakiwi kushushwa mara kwa mara chini ya nusu, kwa hiyo za kutumia ni 600. Taa nne za wati 5 kwa saa tano za usiku zinakula 100. Hapo bado ana simu, redio na televisheni ndogo. Pasi ile ikiwaka mfululizo kwa nusu saa inataka 500, ambazo ni karibu usiku mzima wa nyumba yake, hata kama angekuwa na inveta kubwa ya kuihimili.

Alinyamaza, kisha akauliza kwa nini hesabu hiyo hakupewa kabla hajatoa fedha. Ni swali la haki. Hesabu yenyewe ina mistari mitano na mtoto wa darasa la sita anaiweza. Muuzaji aliyekaa kimya pale kaunta amemchukulia mama huyu akiba ya msimu. Pasi ya mkaa ilikuwa bado ipo stoo.

Jumatano

Asubuhi, banda la vifaranga. Taa za kuwapa joto zilikuwa hafifu, na watoto wa nyumba walikuwa wameshawahamishia vifaranga jikoni kando ya mafiga, kwenye beseni la kuogea. Baba yao alilaumu betri. Betri ilikuwa nzima. Kutoka kwenye betri hadi bandani ni mita 20, na waya aliouziwa ni wa milimita za mraba 1.5. Kwa ampea 5, kwenda na kurudi, zaidi ya volti 2 hupotea njiani, na volti 2 ukizitoa katika 12 ni nyingi. Tumeihamishia betri kwenye chumba cha jirani na banda. Beseni limerudi bafuni.

Jioni, bibi mmoja alitoa paneli yake nje usiku kwa sababu mwezi ni mpevu. Mbuzi alilala juu yake hadi alfajiri, akatafuna waya. Kioo hakikuvunjika, lakini mguu wa mbuzi unaweza kuzipasua seli bila ufa kuonekana juu, kwa hiyo nitaipima tena baada ya muda. Bibi aliniuliza kama mbalamwezi inachaji. Swali lake lina mantiki, maana mwanga wa mwezi ni wa jua uliorudishwa. Nikamjibu kuwa jua linauzidi mwezi mpevu kwa mwanga karibu mara 400,000, kwa hiyo mita yangu haiwezi hata kuonyesha kinachoingia. Akasema, "Mwanangu, kumbe mwezi ni wa kutembelea." Nimeunga waya.

Alhamisi

Mvua imeanza kwa radi. Mwenye duka la pembejeo ana desturi ya kupanda ngazi na kuifunika paneli kwa turubai kila wingu likitanda, kuikinga na maji na kuizuia isiite radi. Leo turubai lilinasa waya, likauchomoa kwenye kontrola, na duka likakaa gizani hadi nilipofika. Wateja walihesabiwa chenji kwa tochi ya simu. Mmoja alipewa dawa ya panya badala ya mbegu za mchicha, akarudi kubadilishiwa.

Paneli imeundwa kukaa kwenye mvua. Mvua ndiyo fundi wake wa usafi, na tangu Juni ile ya kwake ilikuwa imevaa vumbi jekundu ambalo leo ndiyo lingeondoka. Hata chini ya wingu haikuwa imekufa: nilipima ampea 1.1, na lilipofunuka kidogo zikapanda 5. Ujerumani hupata kwa mwaka karibu nusu ya mwanga tunaoupata hapa, na mapaa yao yamejaa paneli. Kuhusu radi, hiyo hufuata kilicho kirefu, mti au mnara, haichagui kwa sababu ni sola. Kinachotakiwa ni fremu kufungwa waya wa ardhini, na ngurumo zikikaribia, kuchomoa vifaa vya thamani ndani.

Alisikiliza vizuri. Niliposhuka, turubai lilikuwa mkononi mwake, ameshalikunja.

Ijumaa

Nimeitwa mjini, upande wa Ziwa Kindai, kwa mstaafu aliyefunga paneli kumi za kisasa juu ya paa. Gharama yake ni ya kujengea nyumba ndogo. Umeme wa gridi ulikatika jana saa nne asubuhi, jua likiwaka, na nyumba yake ikazimika pamoja na za majirani. Kuku waliokuwa kwenye friji kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wameharibika. Alikuwa amesimama uani akiyatazama mapaneli, na hakuniitikia salamu mara ya kwanza.

Mtambo wake haujaharibika. Ni wa kuunganishwa na gridi, hauna betri, na inveta ya aina hiyo imetengenezwa izime mara gridi inapokufa. Isingezima, umeme wa paa lake ungetoka nje kupitia nyaya za mtaa na kumkuta fundi juu ya nguzo anayeamini laini imelala. Mimi nimewahi kufanya kazi juu ya nguzo. Kwa hiyo suala hili silizungumzi kwa wepesi, na mteja akiniomba niuchezee ulinzi huo hakuna mjadala.

Anachohitaji ni inveta mseto na betri, pamoja na swichi ya kuitenga nyumba na mtaa umeme unapokatika. Anaweza kuanza na betri ya kutosha friji, taa na pampu. Aliniambia muuzaji alimwahidi kuwa "ataagana na kukatikakatika". Nilimwomba karatasi za mkataba. Ahadi hiyo haimo. Alitamkiwa tu, kwenye kiti cha wageni, akinyweshwa soda. Nimemwandikia makadirio mawili, moja kubwa na moja la wastani, nikamshauri achukue la wastani. Mjukuu atapata kipaimara chake na kuku wa kununua sokoni siku hiyohiyo.

Jumamosi

Siku ndefu. Kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu na kunyoa ana paneli ya wati 150, na hapati hata nusu ya kazi. Aliibiwa ya kwanza, ndipo rafiki yake fundi wa kuchomelea akamtengenezea kizimba cha nondo, akakifunga juu ya paneli kama dirisha. Kazi safi, maungio yote yamenyooka. Nondo zinapita katikati ya seli, na kila moja inatupa kivuli chembamba tangu asubuhi hadi jioni.

Watu hudhani kivuli kikifunika sehemu ya kumi ya paneli, kinachopotea ni sehemu ya kumi. Hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea, kwa hiyo nilichukua muda. Seli zimeungwa moja baada ya nyingine, na umeme lazima upite katika zote. Ni kama ng'ombe wakipita kwenye kijia cha miamba: aliye mbele akisimama, wa nyuma wote wanasimama. Seli moja ikikosa mwanga inalibana kundi lake lote, na yenyewe inaweza kuchemka hadi kuungua. Ndani ya kisanduku cha nyuma kuna dayodi zinazotoa njia ya pembeni ili kundi lililobanwa lirukwe, lakini kundi zima linakuwa limetoka kazini. Paneli kama yake ina makundi mawili tu, na moja likitoka, lililobaki halifikishi volti za kuchaji betri.

Tulikiondoa kizimba. Mita ilisoma ampea 8. Nikavua kofia yangu nikaifunika seli moja, moja tu kati ya 36, na sindano ikalala. Nikaitoa, ikapanda. Watu waliokuwa wakisubiri kunyolewa walitoka kuangalia, mmoja akiwa na povu nusu kichwa. Kijana aliniomba nirudie. Nikarudia. Akataka afunike yeye mwenyewe kwa kiganja, kisha kwa kidole, kisha kwa jani la mwarobaini. Hiyo ndiyo elimu ninayotaka kila mnunuzi aione kabla hajatoa hata shilingi, na haihitaji umeme wala darasa.

Fundi wa kuchomelea alifika, akakuta kizimba chake chini. Alisema amedhalilishwa. Nikamwomba atuchomelee nguzo ndefu ya bomba, paneli ikae juu ambako mwizi hafiki bila ngazi, na bolti ambazo vichwa vyake hukatwa zikishakazwa. Akakubali, akapima, akapewa malipo ya awali. Kizimba kimechukuliwa na mama wa kijana kwa ajili ya bata.

Jumapili

Baada ya misa nilizuiwa mlangoni na dereva wa Noah. Betri ya sola yake ilikauka, akaijaza tindikali. Kinachopungua ndani ni maji, tindikali hubaki, kwa hiyo alipoongeza tindikali juu ya tindikali sahani za risasi zikaanza kuliwa. Ilitaka maji yaliyosafishwa tu. Na betri yenyewe ni ya gari: sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kuteremka taratibu usiku kucha. Imekwisha.

Akasema atamuuzia kijana wa baiskeli anayenunua betri kwa kilo. Kijana huyo humwaga tindikali kwenye mfereji ulio juu ya kisima kabla ya kupima, ili asilipie uzito wa maji. Nilimwomba dereva asimuuzie. Nikamsimulia Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilikaa ukutani mwa makazi ya watu. Risasi iliingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliisimamia kesi ya wakazi hao kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo mwaka 2024. Watu husema sola haina uchafu. Paneli haina moshi, kweli, lakini betri iliyo chini yake ina kilo nyingi za risasi na anayeimiliki anawajibika nayo hadi mwisho. Dereva amenikabidhi, nimeiweka kwenye kreti, wima, na mifuniko yake imekazwa. Nitaipeleka kwa wakala anayezipokea zikiwa na maji yake.

Jumatatu

Vijana wawili wa ufuta walinunua mnadani paneli yenye karatasi ya "wati 300", wakalipa bei ya 300. Pampu yao haizunguki. Niliipima kwa utepe kabla ya kushika mita: mita 1.06 kwa mita 0.52, yaani mita ya mraba 0.55. Mita moja nzima ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200. Nusu yake haiwezi kutoa 300, hata ikipelekwa jangwani. Mita ilithibitisha: volti 18, ampea 5.6. Ni paneli ya wati 100, nzima, yenye karatasi ya uongo.

Nilikwenda nao kwa muuzaji. Alisema karatasi hiyo inatoka kiwandani. Tukamwomba aziweke pamoja zote zilizoandikwa 100 na zote zilizoandikwa 300. Zilikuwa na ukubwa mmoja. Wanunuzi wengine wakaanza kuzilinganisha kwa mikono. Amewarudishia tofauti ya bei, na paneli wameibakiza, kwa taa. Utepe wangu umebaki kwa mkubwa wao. Anataka kupima za jirani zake leo jioni.