Boksi Limeandikwa 5G

Jumatatu

Simu ya mama mkwe imefika kutoka Houston. Imekuja na abiria, ikiwa ndani ya soksi. Abiria ameomba soksi zake. Amepewa.

Boksi limeandikwa 5G kwa herufi kubwa kuliko jina la simu yenyewe. Mama amelisoma pande zote, akaliweka kando, akauliza: "Inapiga?" Nimemjibu tutaona. Mke wangu amesema hakuna cha kuona, simu imetoka Marekani.

Laini ya mama ni ya zamani, ile pana isiyo na alama za kukatia, na simu mpya inataka laini ndogo. Kijana wa vocha pale kona ana kikatio. Amekikandamiza kwa moyo wote. Laini imetoka vipande viwili, na vyote viwili vinaingia kwenye simu.

Jumanne

Kurudisha laini. Mama namba ya NIDA anayo. Vidole ndivyo hana, kwa mujibu wa mashine. Amelima mihogo na iliki huko juu ya Muheza tangu ujana, na mistari ya vidole imebaki shambani. Wakala amemfuta gumba kwa kitambaa, akalipulizia, akaomba cha shahada, akahamia mkono wa kushoto. Mashine imekubali kidole cha pete.

"Kwa hiyo kila nikipiga simu natumia hiki?" mama ameuliza.

Wakala amesema hapana, mama, ni leo tu.

Nyumbani tumeiweka laini mpya. Skrini imeandika kwamba laini hii si ya kampuni iliyoiuza simu. Nimempigia shemeji wa Houston, aliyeituma. Kumbe simu aliichukua kwa ofa, karibu ya bure. Kampuni nyingi za simu za Marekani zikikuuzia simu kwa ofa huifunga isikubali laini ya mwingine mpaka deni liishe na muda wao upite. Shemeji amesema zimebaki dola chache tu, atazilipa usiku wa leo, usiku wake, ambao kwetu ni kesho asubuhi.

Mama ameendelea kutumia kitochi chake, kwa laini ya shangazi.

Jumatano

Mjumbe wetu amekuja kuiona simu. Yeye tiba yake ni moja: bonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Zikaja namba mbili za IMEI, yaani utambulisho wa simu, kila moja tarakimu 15. Tumetuma moja kwenda 15090, na jibu limerudi na jina la kiwanda na aina ya simu. Simu ni halisi. Mjumbe ametoa mkono wa pongezi kwa kila aliyekuwepo, pamoja na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Ana sababu zake. Juni 16, 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia nchi nzima, yake ilizimika akiwa katikati ya mazungumzo ya kiwanja. Hadi leo anaamini kiwanja kile kilikwenda kwa sababu ya IMEI.

Ila 15090 inajibu swali moja tu: simu hii ni feki au si feki. Haisemi kama inaelewana na minara ya hapa kwetu Tabata. Nimejaribu kulieleza hilo. Mjumbe ameniambia serikali imeshajibu, mimi nani.

Alhamisi

Kufuli limefunguka alfajiri. Mke wangu amepiga kigelegele kimoja kifupi, kwa sababu watoto walikuwa wamelala.

Laini imeshika. Mama amempigia dada yake Tanga na wamesikilizana vizuri. Kisha nimewasha data. Juu ya skrini, pembeni mwa vijiti vya mtandao, imetokea herufi E.

Kwa ambaye hajaiona siku nyingi: E ni EDGE, yaani 2G iliyotiwa viungo kidogo. Hata ikiamka vizuri haifiki nusu ya megabiti kwa sekunde. Simu yangu mimi, iliyopasuka kioo, niliyoinunua mkononi kwa mtu, ilikuwa mezani palepale ikisoma 4G.

Shemeji amepiga video. Limefika paji la uso. Tumesubiri sura iliyobaki, ikaja sauti yake ikisema anatuona vizuri, halafu akapotea. Mama amesema ameona mwanawe kanenepa.

Ijumaa

Jirani wa kulia: bando limeisha. (Halijaisha.) Jirani wa kushoto: simu ina baridi ya huko, iachwe juani. Mke wangu: izimwe na iwashwe. Imezimwa na kuwashwa kiasi kwamba sasa inatusalimia kwa uchovu. Mdogo wangu amepiga kutoka Dodoma kusema niingie sehemu ya APN, yaani mipangilio ya data. Nimeingia. APN ni ileile iliyopo kwenye simu yangu.

Mjumbe amepita jioni. Nimemwonyesha E. Amesema ni E ya Excellent, maana binti yake aliwahi kuipata.

Jumamosi

Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Fundi wa kwanza ameitazama simu kwa mbali na kutangaza antena imekatika. Anaibadilisha kwa elfu thelathini na tano. Wa pili ameitaka aiflashi. Wa tatu anaweza "kufungua bendi" kwa kompyuta, ila niiache mpaka kesho na nisimpigie kumuuliza.

Wa nne ni dada mmoja aliyekaa kwenye kibanda chenye upana wa kiti chake. Hakugusa bisibisi. Aliingia kwenye mipangilio, akafungua sehemu ya "kuhusu simu", akasoma namba ya modeli hadi herufi ya mwisho kabisa.

"Hii ya Amerika, kaka."

Nikamwambia hilo tunalijua, ndiyo maana tulifurahi.

Akanieleza huku akimhudumia mteja mwingine, kijana mwenye iPhone 14 na pini mkononi, aliyekuwa akitafuta tundu la laini. iPhone 14 za Marekani hazina tundu. Tangu mwaka 2022 zinauzwa huko na eSIM peke yake, laini iliyomo ndani ya simu yenyewe. Kijana alikuwa ameshaikaribia maikrofoni. Dada alimnyang'anya pini bila kukatisha sentensi yake kwangu.

Maelezo yake ni haya. Jina la simu ni la matangazo. La kuangalia ni namba kamili ya modeli. Galaxy S9, kwa mfano: iliyouzwa huku kwetu ni SM-G960F, ya Marekani ni SM-G960U. Ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha, lakini ndani redio zao hazifanani. Ukishapata namba hiyo, unatafuta orodha ya bendi ya modeli hiyohiyo, siyo ya ndugu yake, na unailinganisha na bendi za kampuni yako ya simu. Na unalinganisha kila kizazi peke yake: 2G kivyake, 3G kivyake, 4G kivyake.

Tumelinganisha. Simu ya mama ina 4G za bendi namba 2, 4, 5, 12, 66 na 71. Huku 4G inapita bendi ya 3, ambayo ni megahezi 1800, na ya 20, ambayo ni 800, na ya 28, ambayo ni 700. Hakuna hata moja iliyogongana. Kwenye 3G simu ina 850, 1700 na 1900. Sisi tunatumia 2100 na 900. Napo patupu. 2G ndiyo ina bendi zote nne za dunia, 850, 900, 1800 na 1900, na hapo ndipo E ilipotoka.

Nimeuliza kama programu haiwezi kuziongeza. Dada amesema kila bendi inataka vichujio na vikuza mawimbi vyake ndani ya simu. Visipowekwa kiwandani, hakuna kompyuta ya Kariakoo itakayoviotesha. Nimeuliza tena kuhusu yule wa tatu. Amesema yule ni shemeji yake, hawezi kumsema.

Hakunitoza kitu. Nimenunua kava.

Jumapili

Nimemweleza mama. Nimeanza na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, jinsi ulivyoigawa dunia maeneo matatu ya masafa: sisi tuko la kwanza pamoja na Ulaya, Amerika yote iko la pili. Mama ameuliza waliogawa walikuwa kina nani. Nimeona niende mbele.

Wamarekani walianza simu za mkononi za biashara Chicago mwaka 1983, kwenye masafa ya 800 na kitu, wakayazoea. Ulaya ilipoleta GSM ikachukua 900, baadaye 1800, na Afrika ikanunua mitambo ya Ulaya. Huko Marekani 900 ilikuwa imeshapewa shughuli nyingine, kwa hiyo wao wakaongeza 1900. Tangu hapo kila upande unajenga juu ya ulichonacho. Na 3G yao wameshaizika; AT&T walizima Februari 2022. Kiwanda kinachotengeneza simu ya bei nafuu ya Houston hakioni sababu ya kulipia kipuri cha 2100 ili mtu wa Tabata apate 3G.

Hapo mama alikuwa anachambua mchele. Nikaona niingie kwenye 700, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua usiku. Anakumbuka televisheni ya antena ilipozimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, tukanunua king'amuzi? Anakumbuka, aliikosa tamthilia. Basi, nikamwambia, anga lililoachwa wazi na televisheni ndilo hilo la 700, na TCRA waliliuza kwa mnada kwa kampuni za simu mwaka 2018. Marekani nao walifanya vilevile na chaneli zao. Kwa hiyo wao wana 700, na sisi tuna 700.

"Sasa si zinafanana?"

Hapo ndipo penyewe. Bendi ya 12 ya kwao, simu inasikiliza kati ya 729 na 746. Bendi ya 28 ya kwetu, kati ya 703 na 748 simu ndiyo inayoongea, na mnara unajibu juu huko, 758 hadi 803. Maana yake, simu ya mama imetega sikio mahali ambapo simu za majirani zinaongea, na mnara unapojibu yenyewe haipo.

Mama ameacha mchele. Amesema kuna mke mwenza wa marehemu dada yake alikuwa hivyohivyo.

Nimemwambia mke wangu kwamba mama ameelewa kuliko mafundi watatu wa Aggrey. Mke wangu ameuliza chai iko wapi.

Jumatatu

Nimempeleka mama kwao. Basi hadi Muheza, kisha gari ndogo kupanda upande wa Amani. Njiani nimefuatilia simu zote mbili kwa ajili ya sayansi. Chalinze: yangu 4G, ya mama E. Segera: yangu 4G, ya mama E. Baada ya Muheza barabara ikaanza kujikunja milimani, miti ikaziba, na yangu ikashuka hadi H, yaani 3G iliyochangamka, kisha 3G tupu, kisha, kwenye kona yenye maji, E.

Simu mbili zikawa sawa. Nilimwonyesha mama. Amesema alijua yangu itachoka.

Kijijini, kwenye bonde la nyumba yao, simu zote zinaandika E, kwa hiyo hakuna aliyeona kasoro yoyote kwenye ile ya Marekani. Wamesifu kioo. Wamesifu kava. Mzee mmoja amesoma boksi, akauliza 5G ni nini, na mama akamjibu kwa utulivu kwamba ni kwa matumizi ya huko, huku haihitajiki.

Ukitaka 4G kuna kichuguu nyuma ya shule ambapo vijana hupanda jioni. Nimepanda na simu zote mbili. Yangu imepata. Ya mama imebaki ilipo. Kijana mmoja ameniambia nijaribu kuielekeza Pemba.

Jumanne

Mwalimu mkuu ana ruta yenye laini ndani, ameiweka dirishani upande unaotazama kichuguu. Ruta hiyo inashika 4G na kuigawa kwa Wi-Fi, na Wi-Fi haina ugomvi wa mabara: 2.4 gigahezi ya Houston ndiyo ya Amani. Mwalimu ametupa neno la siri, akaomba tusimwambie mwalimu wa taaluma.

Shemeji amepiga video. Amefika mzima, uso, mabega na jokofu nyuma yake. Mama amemtazama kwa muda, akamwambia apunguze kula usiku. Wameongea hadi ruta ikakata, kwa sababu bando la mwalimu lilikuwa la siku na siku ilikuwa imeisha.

Kisha mama ametoa laini kwenye simu mpya, akauliza kama inarudi kwenye kitochi. Laini ni ndogo, tundu la kitochi ni kubwa. Fremu yake ya plastiki imebaki Tabata, kwa wakala, ndani ya pipa la taka.

Jumatano

Nimerudi Dar es Salaam. Shemeji ameandika: amefurahi mno simu ya mama inafanya kazi, na sasa anamtafutia baba. Kuna ofa.

Nimemjibu kwa kirefu. Kwanza, isiwe ya mkopo wala ya kufungwa. Pili, iwe na tundu la laini. Tatu, kabla hajalipa anitumie namba kamili ya modeli, na herufi za mwishoni, niilinganishe: 4G bendi ya 3, 20 na 28, 3G 2100 na 900. Nimemwandikia hata zilipo namba hizo, nyuma ya boksi, chini, karibu na mistari myeusi ya bei.

Amejibu kwa picha. Simu ni ya zambarau. Anauliza kama baba atapenda, au achukue ya kijani.