Jinsi ya Kulizuia Gari Lisikate Mauno Nateete

Kwanza uwe na gari lenyewe, na liwe la zamani. Sheria ya 2018 imepiga marufuku kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu liundwe, kwa hiyo Subaru Impreza ya miaka ya tisini huagizi tena Japani. Unairithi, au unainunua kwa mtu aliyechoka nayo. Watu wa namna hiyo Kampala hawakosekani; utamtambua kwa upole wake wakati wa kupatana bei.

Ukishalipata, lipeleke gereji za Nateete, humohumo Kampala. Usiwe na shaka na ujuzi wa mafundi wa huko. Hapo jirani tu, Wakaliga, ndiko Isaac Nabwana alikotengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? ya 2010, na uani kwake iliwahi kuundwa helikopta ya vyuma chakavu. Haikuruka, lakini haikuundwa ili iruke. Likumbuke hilo unapomkabidhi makanika funguo.

Kinachotafutwa ni stabilaiza nene, ule mtaimbo uliopinda unaopita chini ya gari na kuyaunganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia. Gari likiingia kwenye kona, bodi hulalia upande wa nje. Mtaimbo hujisokota na kulizuia lisilale zaidi. Ugumu wake hufuata kipeo cha nne cha kipenyo. Toka milimita 18 hadi 20, ugumu unapanda kwa zaidi ya nusu. Fika 22, umezidi maradufu. Hesabu hii ihifadhi kichwani, maana utaitoa kila Jumamosi mbele ya watu ambao hawakukuuliza.

Wenye busara huanza na ya nyuma. Impreza ina tabia ya kukataa kugeuza pua, na stabilaiza nene nyuma huirudishia utii. Ukizidisha, mkia nao hudai uhuru wake, hasa mvua ikinyesha au ukitoka lami ukaingia murram. Wewe funga zote mbili, mbele na nyuma, zilizo nene kuliko zote sokoni, ili asijulikane wa kulaumiwa.

Soko lenyewe ni Kisekka. Nenda na kaliperi, kwa sababu muuzaji hupima kwa vidole viwili na vidole vyake husoma 22 siku zote. Rangi nyekundu mbichi huongeza unene machoni tu. Uliza pia kama chuma kina uwazi ndani. Ataapa kwamba ni kizima, na kwamba kilishuka juzi kutoka Japani.

Lipo kosa moja ulikwepe kwa kila hali: kuanza kwa kubadilisha bushi na linki. Gari la umri huo mara nyingi huyumba kwa sababu mpira wa bushi umeliwa na vichwa vya linki vimelegea. Ukiweka mpya za kawaida, juu ya stabilaiza ileile ya kiwandani, huenda gari likatulia kwa sehemu ndogo tu ya gharama. Kisha utasimulia nini? Nani amewahi kukusanya watu mbele ya gereji awaonyeshe bushi?

Sasa kazi. Makanika atataka kuinua upande mmoja kwa jeki.

“Fundi, tuinue pande zote mbili.”

“Boss, hii ni dakika mbili tu, ssebo.”

Usikubali. Gurudumu moja likining’inia na jingine likikanyaga chini, stabilaiza hukaa imejisokota. Matundu ya bolti hayakutani, na chuma kikifyatuka hakichagui uso wa kupiga. Magurudumu yote mawili yaning’inie sawa, gari likae juu ya stendi, si juu ya matofali. Linki za zamani hazitafunguka, kutu imeshafunga ndoa na nati, kwa hiyo msumeno wa chuma uwe karibu. Bushi ngumu zinazokuja na stabilaiza nene zinataka grisi ya silikoni. Makanika ana kopo moja la grisi kwa shughuli zote, bawaba za geti zikiwemo. Bushi zikikaa kavu zitalia, na wapiga debe wa Nateete watajua umefika kabla hawajakuona.

Kulijaribu ndiko kwenye mtihani. Stabilaiza huunganisha kushoto na kulia, na mashimo hailibagui hata moja: la gurudumu la kushoto linafikishwa na kulia. Aprili 2023 mchoraji katuni Jimmy Spire Ssentongo aliitisha mtandaoni maonyesho ya mashimo ya Kampala. Wananchi wakamimina picha, hadi Rais akaagiza mamlaka ya jiji, KCCA, ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Mwenye stabilaiza ya milimita 22 hahitaji picha. Anayasoma kwa uti wa mgongo.

Kona je? Kwenye foleni ya barabara ya Masaka, katikati ya taksi na boda boda, mwendo ni wa kutambaa na anayepinda ni boda peke yake. Basi shuka hadi Busega, uingie barabara ya kasi ya Entebbe, inayolipiwa tangu Januari 2022, ulipe 5,000 zako za gari dogo. Kona za huko ni pana mno, hata taksi iliyopakia mikungu ya matooke juu huzipita bila kuinama. Mzunguko wa Busega alfajiri ya Jumapili utakufaa zaidi. Ingia kwa kilomita 40 kwa saa, uhisi bodi lilivyokataa kulala. Abiria wako hatahisi kitu; mweleze kipeo cha nne.

Baada ya wiki chache rudi gereji nati zikazwe upya. Mlio wa ko-ko-ko utakuwa umeshaanza upande wa nyuma. Makanika atatikisa gari mara mbili, atainama, atasikiliza, halafu atakwambia stabilaiza haina neno, ssebo, shida ni shokapu.