Gesi ya Meno Ndani ya Buti

Mjomba, mwambie Bibi nakula vizuri, na huo unene aliouona kwenye picha ni wa koti tu.

Umeniuliza habari za yule kijana wa Altezza aliyekuja gereji kutaka afungiwe nitrasi "kama ya kwenye sinema". Hapo umegonga penyewe. Mkenya ninayeishi naye hapa Dallas ameifunga kwenye Ford Mustang yake ya mwaka 1990, V8 ya lita 5.0, injini haijaguswa tangu kiwandani. Mimi nilimshikia tochi mwanzo mpaka mwisho, na wewe wajua mshika tochi huona mengi. Ndiyo maana hutukanwa kuliko wote.

Gesi yenyewe ni ileile ya kuchekesha. Humphry Davy wa Uingereza aliivuta mno hadi akaiandikia kitabu mwaka 1800. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, aliivuta mwaka 1844 kisha akang'olewa jino lake mwenyewe. Hao walikuwa na shida inayoeleweka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani wakaipandisha kwenye ndege zao, maana huko juu hewa ni haba na injini hutweta. Wamarekani nao wakaona gari la kwendea sokoni lisibaguliwe. Mwaka 1976 kule Daytona, A.J. Foyt na Darrell Waltrip, si madereva wa mchezo hao, walifutiwa muda wao wa kufuzu kwa tuhuma za kuificha garini. Siku hizi inauzwa waziwazi, ila ile ya magari hutiwa salfa kidogo ili watu wasiivute. Inanuka kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Mkenya alinusa, akasema kweli haivutiki. Sikumuuliza alikusudia nini.

Mwambie kijana kwamba gesi hii haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni: kwa uzito, asilimia 36 hivi, wakati hewa tunayovuta ina 23. Ikikuta joto ndani ya silinda inavunjika, oksijeni inaachiwa, na hapo injini inaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mpigo uleule. Nguvu inatoka kwenye petroli, Mjomba. Ukiongeza gesi petroli ikabaki ileile, wewe mwenyewe unajua mtungi wa oksijeni hufanya nini pale kwa wachomeleaji. Safari hii bati ni pistoni yako.

Ndiyo maana Mkenya alichagua mfumo wanaouita wa maji, unaopuliza gesi na petroli kwa pamoja, kila kimoja na jeti yake. Jeti ni vile vitundu unavyovijua kwenye kabureta, na hapo ndipo unapochagua nguvu. Kwa V8 nzima kama hii wengi huishia kwenye nyongeza ya nguvu za farasi 100. Kwa silinda nne zisizoguswa, 50 hivi. Ya kiwandani ilikuwa 225, kwa hiyo 100 si haba. Jeti kubwa zilikuwepo kwenye boksi. Nilizificha chini ya mchele.

Sasa sikiliza kichekesho. Mfumo wenyewe ni mtungi, paipu, solenoidi mbili na nozeli. Vingine vyote alivyonunua, na ndivyo vilivyomtoa jasho, ni vya kuizuia nitrasi isifanye kazi. Kuna swichi ya kwenye pedali ya mafuta: usipokanyaga mpaka chini, hakuna gesi. Kuna ya kuangalia presha ya petroli: pampu ikilegea, hakuna gesi. Kuna ya mizunguko: chini ya 3,000 kwa dakika, hakuna gesi, na inakata tena kabla injini haijafika ukomo wake, kwa sababu kompyuta ya gari hili ikizuia mizunguko hukata petroli, nawe hutaki petroli ikatike huku gesi inamwagika. Jamaa amelipa mshahara wa wiki mbili kwa kitu cha kusisimua, akalipa mwingine kwa walinzi wa kumlinda na mguu wake.

Hiyo ya mizunguko ndiyo iliyonifungua macho. Nozeli hupuliza kwa sekunde, haihesabu mipigo ya pistoni. Injini ikizunguka polepole, kila mpigo unapewa fungu kubwa mno, na presha inapanda silinda isipoitarajia. Halafu petroli nayo inatuama kwenye manifoldi. Ikipata cheche ya kurudi nyuma, manifoldi inapasuka na boneti inajifungua yenyewe.

Pampu ya kiwandani, ya lita 88 kwa saa, aliitoa akaweka ya 255. Plagi alishuka ngazi moja kwenda za baridi zaidi. Taimingi akairudisha nyuma nyuzi 4, maana hesabu ya huku ni nyuzi 2 kwa kila farasi 50. Na petroli ni ile ya bei. Injini ikianza kugonga, unaachia mguu hapo hapo, huongezi sauti ya redio.

Mtungi unabeba kilo 4.5 za gesi na unataka presha ya psi 950 hivi. Matairi yako yana 32. Presha hiyo huja ukifika joto la nyuzi 30 hivi, basi wakati wa baridi mtungi huvishwa blanketi la umeme. Dar ungekaa uchi na kushukuru. Mtu akichukua tochi ya gesi kuupasha moto, wewe toka gereji. Kiangazi cha Texas kina balaa la upande wa pili: buti likiiva, presha inapaa, na mtungi una kifuniko cha usalama kilichowekwa kipasuke kabla ya chuma chenyewe. Mtungi ukiwa ndani ya gari, lazima paipu ya kupumulia itokee nje. Majimbo kadhaa hayataki kabisa uwe umeunganishwa ukiwa barabarani.

Kwa hiyo tulikwenda Ennis, kwenye uwanja wa Texas Motorplex. Mstari ni robo maili, mita 402. Bila gesi Mkenya alipita kwa sekunde 14.7, akashuka anatikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa. Kwa gesi akapita kwa 13.4. Nilisikia mlio ukibadilika katikati ya gia ya pili, kisha gari likawa dogo. Alirudi mdomo wazi. Wakaguzi wakamngoja, wakamwambia hatarudi mstarini: kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi, ukishuka chini ya sekunde 14 lazima uvae helmeti. Hakuwa nayo, wala hakuwa na hela. Mama mmoja wa pikipiki akamwazima yake, ya waridi, yenye masikio ya paka. Picha ninayo. Usimwonyeshe mama yake.

Kijana wako mwambie Altezza ya 3S tayari imegandamizwa sana toka kiwandani, nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko ya Mustang. Akishikilia, mkague kwanza kompresheni ya silinda zote, na injini inayokula oili irudishe nyumbani siku hiyo hiyo. Kisha mdai hela ya swichi kabla ya hela ya mtungi. Akilalamika kuhusu swichi, si mteja huyo.

Mtungi ulioniagiza sitautuma. Ndege haipokei gesi ya namna hiyo kwenye mizigo. Nimetuma plagi, geji ya presha ya petroli, na viatu vya Bibi namba 39. Plagi zimo ndani ya kiatu cha kushoto.