Colgate ya Whitedent

Ingia dukani Sirari uombe Colgate. Muuzaji, bila hata kupepesa macho, atakuuliza: “Ya Whitedent?” Nawe utaitikia. Mugumu nako kila nepi ya dukani ni pampasi, na sabuni yoyote ya unga ni Omo. Hongereni wenye chapa! Mlimwaga mapesa kwenye matangazo ili jina liwe mdomoni mwa kila mtu. Sasa limo, litoeni. Bayer wanayajua: mwaka 1921 mahakama ya Marekani ilisema kwa wanunuzi wa kawaida aspirini ni dawa tu, si chapa ya mtu. Thermos ikafuata 1963. Haya, wakili na aje Tarime amshtaki bibi anayepeleka chai shambani kwa themosi ya Kichina. Atamiminiwa kikombe kwanza.