Kipupwe na Fataki

Mchoraji akitaka kipupwe cha upweke, Riyadh humkaribisha kwa fataki. Tangu 2019 miezi ya ubaridi ni ya Msimu wa Riyadh: matamasha, masumbwi, foleni. Likaja pia Noor Riyadh mwaka 2021, tamasha la sanaa ya mwanga. Tafakari, bwana, lakini kata tiketi kwanza.

Jeddah je? Huko hata Januari koti ni pambo.

Mchoraji Safeya Binzagr hakungoja hali ya hewa. Mwaka 1968 yeye na mchoraji mwenzake Mounirah Mosli walionyesha picha zao katika shule ya wasichana mjini Jeddah. Miongo iliyofuata alichora mavazi, harusi na nyumba za Hijaz, akazitunza picha katika jumba lake mwenyewe. Alifariki 2024.

Basi wanaotangaza kipupwe cha upweke kuwa mapumziko ya kisanii watuonyeshe picha kwanza, kama yeye.