Misuli ya Mita 1,700

Mashindano mengi ya gofu ya makampuni jijini Nairobi huwa na zawadi ya mpira uliokwenda mbali zaidi, na hapo ndipo mheshimiwa mmoja wa idara ya mauzo huanza kujinoa. Kwanza hununua. Kanuni haziruhusu draiva, fimbo ya mipigo mirefu, kuzidi inchi 48; yeye anazitaka zote.

Kisha mazoezi. Mwaka 2021 mcheza gofu Bryson DeChambeau alijifua kwa mashindano ya dunia ya mipigo mirefu hadi akakiri kwamba mikono imeharibika, akafika nane bora. Mheshimiwa naye mikono inamuuma, kwa kushika simu akijirekodi.

Msaidizi wake mkuu, ambaye hamshukuru kamwe, ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko Mombasa. Akiwa Nairobi huita hiyo misuli; akishuka pwani husema upepo una husuda.

Siku ikafika. Mpira ukapaa, makofi yakapigwa, ukatua vichakani. Usiotulia kwenye nyasi fupi za njia hauhesabiwi. Zawadi akachukua mhasibu mstaafu, tena kwa fimbo ya kuazima.